Karafuu Ndani ya Pai: Kuisoma Upya Food in England ya Dorothy Hartley

Kitabu cha Dorothy Hartley, Food in England, kilichapishwa mwaka 1954, mwaka uleule ambao Uingereza ilikomesha mgawo wa chakula ulioanza Januari 1940 kwa sababu ya vita. Wanaokisifu kitabu hiki hawaitaji sana sadfa hiyo, ilhali mimi naiona kuwa ndiyo mlango wa kukiingilia. Kwa miaka 14 watu walikuwa wamekula kwa kuponi: siagi kwa wakia, nyama kwa thamani ya shilingi na peni, na jibini karibu ya aina moja tu, ile Cheddar iliyoamriwa na serikali, kwa kuwa maziwa ya wafugaji wengi yalielekezwa huko na jibini nyingi za mashambani zikapotea. Ndipo akatokea mwanamke wa umri wa miaka 60 hivi, mchoraji, mwalimu wa sanaa na mwandishi wa magazeti, mzaliwa wa Skipton huko Yorkshire, akiwa na kitabu cha kurasa zaidi ya 600 chenye michoro ya mkono wake mwenyewe, akiwakumbusha wenzake kwamba kulikuwa na kula kwingine.

Kitabu hiki kinapendwa kwa uchangamfu wake na kinalaumiwa na wanahistoria kwa kutotaja vyanzo vyake. Lawama hiyo ni ya haki, ila si hoja yangu hapa. Hartley huchanganya hati ya zama za kati, neno alilolisikia kwa mchungaji wa kondoo, na jambo alilolijaribu mwenyewe jikoni, na mara nyingi hakuachi ujue lipi ni lipi. Mhakiki wa fasihi simulizi ataitambua mbinu hiyo papo hapo. Ni mbinu ya msimulizi ambaye mamlaka yake yanatokana na kuwapo kwake: alikuwapo, aliona, alionja. Tunaowasoma masheha na mabibi waliohojiwa na wakusanyaji wa mapokeo hatuna sababu ya kumdharau Hartley kwa jambo tunalowasifia wao.

Linalonivutia zaidi ni mpangilio. Kitabu kinaanza kwa majiko kabla ya vyakula. Mwandishi anatutajia majiko aliyoyajua maishani, kuanzia nyumba ya sakafu ya mawe katika mabonde ya Yorkshire, kisha anaingia kwenye moto: kuni za miti mbalimbali, mboji iliyokaushwa, makaa ya mawe, na vyombo ambavyo kila moto uliviita. Msomaji anayetafuta nyama atangoja. Mpangilio huo wenyewe ni nadharia, ingawa Hartley asingelipenda neno hilo. Anatuambia kwamba pishi la mahali fulani huzaliwa na kile kinachowaka pale. Palipo na mboji, moto ni wa polepole na hauzimwi usiku, hivyo chakula cha hapo ni cha chungu kinachotokota siku nzima. Palipo na kuni kavu za kutosha kuwasha tanuri, utakuta mkate. Mpishi yeyote wa pwani yetu angemwelewa bila mkalimani. Wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko na wali uliopikwa kwa gesi hutumia mchele mmoja na nazi moja, lakini si wali mmoja.

Sehemu ninayoirudia kila ninapofundisha kitabu hiki ni ile ya kondoo. Kwa Hartley hakuna kitu kinachoitwa nyama ya kondoo kwa ujumla. Kuna kondoo wa milimani, kuna wa malisho ya bondeni, na kuna wa vinamasi vya pwani ambako maji ya chumvi hufunika majani. Kila mmoja ana umri wake wa kuchinjwa na namna yake ya kupikwa, na kila mmoja huandamana na kilichoota alipolisha: wa mlimani na majani na matunda ya mlimani, wa pwani na mwani. Hapo ndipo maana ya kula cha mahali inapopata umbo ambalo wasifu wake wa leo wameliacha. Hartley haangalii chakula kimesafiri maili ngapi, wala hatafuti damu ya kabila. Anatafuta ujuzi unaomwezesha mtu kulisoma bonde kwa ulimi. Wanafunzi wangu hupokea kurasa hizo kwa mshangao wa watu waliofundishwa kwamba Waingereza hawana chakula.

Sasa nije kwenye shutuma yangu.

Upishi wa Kiingereza, ule anaouhifadhi Hartley na waliomtangulia kama Florence White, aliyeanzisha chama cha mapishi ya jadi ya Kiingereza mwaka 1928 na kuchapisha Good Things in England mwaka 1932, umejaa karafuu. Pai ya tufaha hutiwa karafuu. Mchuzi mzito wa mkate na maziwa unaoandamana na ndege wa kuokwa huanza kwa kitunguu kilichochomekwa karafuu. Paja la nguruwe la sikukuu huchorwa miraba, na katika kila mraba huchomekwa karafuu moja. Zabibu kavu zinazosindikwa kwa ajili ya pai za Krismasi huandamana na karafuu, kungumanga na mdalasini. Hivi ndivyo vyakula ambavyo Mwingereza akivitaja hudhani anautaja uani wa nyumba ya bibi yake, na hadhani vibaya.

Lakini tazama namna mwandishi anavyogawa uangalifu wake. Tufaha lina jina, lina kaunti, lina mwezi wa kuchumwa. Waingereza wana fahari ya haki katika jambo hili: tufaha la Bramley wanajua lilitokana na kokwa zilizopandwa na msichana aliyeitwa Mary Ann Brailsford huko Southwell, Nottinghamshire, mwaka 1809. Kondoo ana mlima. Chumvi ina ufuo. Karafuu haina kitu. Inatoka Mashariki, au inatoka melini, au inatoka kwenye kopo. Katika kitabu kinachoweza kukueleza moshi wa mti upi unafaa kwa nyama ipi, karafuu ndiyo kiungo kisichokuwa na mti.

Huo mti sisi tunaujua. Karafuu huchumwa kabla tumba halijafunguka, kwani likishafunguka limekwisha thamani. Wachumaji hupanda, hukata vikonyo pamoja na vishada. Jioni watu huketi kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Kisha huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, zikigeuzwageuzwa, na wingu likitanda hukusanywa mbio, maana karafuu iliyopatwa na unyevu hupauka na kuharibika. Hiyo ni kazi yenye ujuzi uleule ambao Hartley anauheshimu kwa mkamua maziwa wa Leicestershire. Na ina historia nzito zaidi. Mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea chini ya Seyyid Said aliyehamisha makao yake kutoka Maskati, na kufikia katikati ya karne hiyo visiwa hivi vilikuwa vikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia, kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba ukubwa. Utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, miaka saba baada ya Uingereza kuitia nchi chini ya himaya yake. Mama wa nyumbani wa Yorkshire aliyezaliwa zama za Hartley, akichomeka karafuu kwenye kitunguu, alikuwa akishika tumba ambalo huenda lilichambuliwa na mtu aliyepata uhuru wake juzi.

Najua jibu nitakalopewa. Karafuu zilikuwa katika vyungu vya Kiingereza karne nyingi kabla ya mkarafuu wa kwanza kuota Unguja; zilitoka visiwa vya Maluku, na wakuu wa zama za kati walizila kwa wingi kuliko sisi. Kweli. Tena, wanunuzi wakubwa wa karafuu ya Zanzibar hawakuwa Waingereza wenye pai zao. Bara Hindi ilinunua nyingi, na katika karne ya 20 sigara za Indonesia zikanunua zaidi. Kweli pia, na mwenye kuandika historia ya biashara hana budi kulizingatia hilo. Shutuma yangu ni ya kihakiki. Nauliza ni nani anapewa mahali katika sentensi. Mwandishi ambaye kipaji chake chote ni kukifuata chakula hadi kwenye ardhi yake anapofika kwenye karafuu anaacha kufuata, na hapo bila kukusudia kitabu chake kinabadilika kutoka kuwa kitabu cha ujuzi kuwa kitabu cha nasaba.

Wengine waliona pengo hilo, kila mmoja kwa jicho lake. Elizabeth David, aliyewafungulia Waingereza dirisha la Mediterania mwaka 1950, alirudi nyumbani mwaka 1970 na kitabu kizima juu ya viungo, chumvi na manukato katika jiko la Kiingereza. Humo viungo si wageni tena, ni wakazi. Ila bado wanafika kwa meli iliyojaa mahaba, na pwani zilikopakiwa zimefunikwa ukungu. Jane Grigson katika English Food ya mwaka 1974 ni mkweli zaidi: kwake wapishi ni wakopaji tangu enzi na enzi, na hakuna pishi lililo milki ya nchi moja. Nampenda Grigson kwa sababu hiyo, ingawa kwa ufundi wa kukufanya usikie joto la jiko hamfikii Hartley.

George Orwell anahitaji neno lake. Mwaka 1945 aliandika gazetini kuutetea upishi wa Kiingereza, na hoja yake kubwa, kwamba upishi huo unapatikana majumbani na si mikahawani, ingali na nguvu. Mwaka uliofuata British Council ilimwagiza insha ndefu zaidi juu ya chakula, kisha ikakataa kuichapisha. Mwaka 2019 ilimwomba radhi hadharani na kuitoa. Watu walicheka kwa kuwa mhariri wa zamani alikuwa amelalamikia maelekezo yake ya jemu ya machungwa, eti sukari na maji vimezidi. Hakuna aliyeuliza sukari hiyo na machungwa hayo vilikuwa vya wapi. Orwell mwenyewe alizaliwa Motihari, nchini India, baba yake akiwa mtumishi katika idara ya kasumba. Alikuwa na kila sababu ya kuuliza. Mwanaanthropolojia Sidney Mintz aliuliza, mwaka 1985, na Stuart Hall, mtoto wa Jamaika, alipenda kuwakumbusha wasikilizaji wake kwamba kikombe cha chai, nembo ya Uingereza kuliko zote, hakina shamba lake ndani ya Uingereza.

Msomaji wa Gurnah atakuwa ameshafika mbele yangu. Katika Admiring Silence ya mwaka 1996, msimulizi kutoka Zanzibar humtungia baba wa mwenziwe wa Kiingereza hadithi za dola, kwa kuwa ndizo mzee anazozitamani. Anamlisha. Kinachochekesha na kuumiza ni kwamba mzee hula hadithi ileile ambayo pai yake inaificha.

Je, haya si ugomvi wa vitabu vya zamani? Ingekuwa hivyo laiti fikra ya kula cha mahali isingepata meno. Tazama jibini ya Stilton. Tangu mwaka 1996 jina hilo linalindwa kisheria, na jibini yenyewe yaruhusiwa kutengenezwa katika kaunti tatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji cha Stilton, kilichoipa jina, kiko Cambridgeshire. Kwa hiyo Stilton haiwezi kutengenezwa Stilton. Aliyetaka kuitengeneza kwa maziwa mabichi, kama ilivyokuwa zamani, akiwa ndani ya Nottinghamshire hasa, alilazimika mwaka 2006 kuiita Stichelton, kwa kuwa kanuni zinadai maziwa yaliyopashwa moto. Mahali pakishaandikwa na wanasheria huwa ni mpaka, na ujuzi hubaki nje ukibisha hodi.

Mambo ya jibini ni ya kuchekesha. Ya maharagwe hayakuwa hivyo. Mwaka 2007 baadhi ya maduka makubwa ya Uingereza yalianza kubandika picha ya ndege kwenye mazao yaliyoletwa kwa anga, na Soil Association, shirika linalotoa ithibati ya kilimo hai, ikajadili hadharani kuyanyima mazao hayo ithibati. Wakulima wa maharagwe mabichi wa Kenya, ambao hawakuwa na gari wala jokofu, wakajikuta washtakiwa katika kesi ya hali ya hewa iliyochafuliwa na wengine. Shirika hatimaye halikuyafukuza. Lilidai masharti ya biashara ya haki. Lakini angalia picha ile ndogo. Haragwe la Kenya lilibandikwa safari yake usoni. Karafuu, pilipili manga, chai na sukari zilizopita bahari hazikubandikwa kitu, kwa kuwa zilikuwa zimekwishaandikishwa uraia. Sidai kwamba meli na ndege huchafua sawa, hazichafui sawa. Nasema kwamba orodha ya vinavyohesabiwa kuwa vimesafiri haikutungwa na wanasayansi peke yao.

Na sisi tusijifanye hatuyajui haya kwetu. Wazee wengi walioko Maskati, Dubai na London wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Zanzibar ilipobana uagizaji wa mchele, unga wa ngano na sukari, na kuwataka watu wale kinachoota visiwani. Kwenye karatasi hilo ni kula cha mahali. Kwa aliyepanga foleni, lilikuwa ni kunyang'anywa mahali pake, maana mchele wa ng'ambo ulikuwa umeingia katika harusi, hitima na sikukuu za visiwa hivi kwa vizazi vingi. Muhogo aliokuwa akirudishwa kwao nao ulitoka Brazili, ukaletwa Afrika na Wareno. Msamiati wetu unayasema haya bila haya. Neno tofaa tumelichukua kwa Waarabu, ambao kwao lina maana ya tunda la nchi za baridi. Pwani tukalivika tunda jekundu la mti uliokuja kutoka Malaya. Na mti huo, wasema wataalamu wa mimea, ni wa jenasi moja na mkarafuu. Tufaha na karafuu zilikuwa zimeshakutana kwetu kabla ya kukutana ndani ya pai.

Ningetamani Hartley angeishi aione Leicester ya leo. Ndiyo kaunti ya jibini ya Stilton na ya pai za nguruwe za Melton Mowbray, ambazo nazo jina lao linalindwa. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, wengi wao walipelekwa na riziki Leicester, wakiungana na waliotangulia kutoka Kenya na Tanganyika. Katika mikahawa yao pameandikwa mogo: muhogo uliokaangwa ukatiwa pilipili na ndimu. Neno ni letu, limepita katika vinywa vya Wagujarati, mzizi ni wa Marekani ya Kusini, na mkaangaji wa leo aghalabu amezaliwa palepale Leicester. Mwaka 2001 waziri Robin Cook alisema kwamba kuku wa tikka masala ni chakula cha kitaifa cha Uingereza, na watu wakapiga makofi. Naona kauli hiyo ilikuwa nyepesi. Ilimkaribisha mgeni mezani bila kumwuliza anajua nini. Hartley, aliyekuwa na kasoro nilizozitaja, angeingia jikoni kwanza. Angeuliza muhogo umegandishwa au mbichi, umechemshwa kwanza au la, mafuta gani, na kwa nini nyuzi za katikati zimetolewa baada ya kuchemsha. Angemchora mwenye mkahawa akishika kisu.

Ndiyo maana, pamoja na yote, kitabu hiki nakiona kuwa kielelezo kwa yeyote kati yetu atakayeandika juu ya chakula cha Waswahili walioko ughaibuni. Vitabu vya mapishi tunavyo, na baadhi ni vizuri. Vingi, hata hivyo, huandika kana kwamba jiko ni lilelile: chukua nazi mbili, kuna, chuja. Mpishi wa Maskati au Milton Keynes ana kopo. Nazi ya kukuna kwa mbuzi hutoa kasemele kwanza, kisha tui la pili jepesi, na mpangilio mzima wa mchuzi wa papa au wa mbaazi umejengwa juu ya tofauti hiyo: jepesi ndilo la kuchemshia, zito hutiwa mwishoni moto ukiwa umepunguzwa lisije likakatika. Kopo halina la kwanza wala la pili. Kina mama wengi wamelitatua kimyakimya. Huliacha kopo litulie bila kulitikisa, wakachota utandu wa juu wakauweka kando, kisha hulitia maji lile la chini na kuanza nalo. Wengine huchanganya tui la unga kwa vipimo viwili tofauti. Sufuria haiwi tena juu ya mafiga bali juu ya jiko la umeme linalochelewa kupoa, kwa hiyo hulisogeza pembeni dakika kadhaa kabla ya kutia lile zito.